Kibanio cha Upande wa Kulia

Mwanamke aliingia ofisini bila hodi, akatua jozi ya viatu vya kiume juu ya faili lililokuwa wazi mezani.

"Mlimtoa ndani peku kama mwizi wa kuku. Nimemletea viatu. Na usinikaribishe kiti, sikuja kukaa."

Inspekta alivitazama viatu, kisha akavisogeza kando kwa mgongo wa mkono. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa miaka hamsini kasoro kidogo. Wahalifu ndio waliompa jina la Msumari, na askari wenzake wakalichukua bila kumwomba ruhusa. Faili alikuwa amekabidhiwa asubuhi hiyo hiyo, baada ya mwenzake aliyelianza kwenda likizo. Lilikuwa jembamba. Mtaalamu wa samaki katika maabara ya dawa, mwanamke wa miaka thelathini na nne, alikutwa amekufa Jumatatu asubuhi mbele ya tangi namba sita. Umeme. Fundi umeme wa maabara alitiwa ndani siku hiyo hiyo kwa uzembe uliosababisha kifo. Na fundi huyo alikuwa shemeji wa marehemu, mume wa dada yake, huyu aliyesimama mbele ya meza macho yamemwiva.

"Mdogo wangu nimemzika jana," alisema dada huyo. "Mume wangu mmemfungia. Bado nani? Mimi?"

"Sikumkamata mimi, dada."

"Nani basi? Upepo?"

"Polisi. Kwa hiyo ni mimi vilevile. Nitukane upendavyo, lakini huku ukinitukana unijibu. Mumeo na marehemu walikuwa na ugomvi?"

"Ugomvi! Walikuwa wakitaniana mpaka nawafukuza jikoni. Hita ya kupashia maji ya tangi lile aliibadilisha Ijumaa, akaweka mpya. Ameandika kwenye daftari lake la kazi. Mwenzako alilifungua hilo daftari?"

Jibu lilikuwa hapana. Msumari akapita kwenye swali lingine.

"Marehemu alikuwaje siku za mwisho?"

Dada alikaza taya. "Alikuwa hali chakula. Aliniambia, 'Dada, kule kazini wanalitumia jina langu.' Nikamuuliza vipi, akasema, 'Jumanne ile nilikuwa na wewe hospitali kutwa, ukipasuliwa nyongo. Leo nimeiona karatasi ya majaribio ya Jumanne ile ile, chini ina sahihi yangu.' Nikamwambia kaseme kwa mkubwa wenu. Mimi ndiye niliyemwambia akaseme."

Aliichukua mikono yake, akaificha kwapani, akatoka bila kuaga.

Mkuu wa kituo alimsubiri Msumari kwenye korido, kofia mkononi, akiwa na haraka ya kwenda mkutanoni.

"Nataka faili hilo saa kumi liwe kwa mwendesha mashtaka. Hita mbovu, fundi mzembe. Kuna nini cha kuchimba?"

"Umesoma ripoti ya daktari wa maiti, afande?"

"Amekufa kwa umeme. Au alifufuka?"

"Kaungua sehemu mbili." Msumari aliinua mkono wa kulia, akabana ncha za kidole gumba na cha shahada kama mtu anayeshika mbu. "Hapa na hapa tu. Na mkono wa kushoto ana mstari mwembamba kiganjani. Mtu aliyetia mkono ndani ya maji yenye umeme haungui hivi. Huyu alibana kitu."

"Alibana nini?"

"Hilo ndilo naenda kuuliza."

"Saa kumi, Msumari."

"Saa kumi utapata faili. Jina la fundi kubaki humo, sikuahidi."

*

Mbele ya maabara lilisimama lori, milango ya nyuma imefunguliwa. Wabebaji wawili walikuwa wakipakia maboksi yenye picha ya mtoto anayecheka. Msumari alisoma ubavuni: matone ya macho, kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

"Mzigo unakwenda wapi?" alimuuliza dereva.

"Zahanati, afande. Wa kwanza huu. Tunaondoka saa tisa."

Sajenti, mwanamume mmoja mpole aliyekuwa amefuatana naye, alitazama saa yake. Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

Chumba cha samaki kilikuwa na joto la bafuni. Pampu za hewa zilinguruma, na matangi manane ya kioo yalipangwa juu ya fremu ndefu ya chuma. Ndani yake waliogelea samaki wadogo wenye milia, wasiofika urefu wa kidole. Tangi la sita lilizungushiwa utepe wa polisi. Mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Daktari, alikuwa mrefu, mwenye koti jeupe lisilo na doa na sauti ya kubembeleza wagonjwa. Nyuma yake alisimama msaidizi wake, mwanamke mwenye miwani mizito iliyomfanya aitwe Miwani hata kwenye ratiba ya zamu.

"Pole kwa usumbufu, mama," alisema Daktari. "Ni ajali iliyotuumiza sote. Hita ilipasuka. Fundi wetu ana mambo mengi, huenda alichoka."

"Ni nani aliyemkuta marehemu?"

"Mimi," Miwani alijibu. "Saa mbili na nusu. Nilipiga kelele, Daktari akaja mbio, akanituma nikapige simu ya gari la wagonjwa. Simu ya mezani iko getini."

"Ulichukua muda gani?"

"Dakika tano. Sita."

"Na Daktari akabaki hapa."

"Nilikuwa najaribu kumrudishia pumzi," alisema Daktari. "Mama, tunaweza kuzungumza ofisini kwangu, hapa kuna unyevu."

"Nimezoea unyevu. Nionyesheni kazi aliyokuwa akiifanya."

Miwani alimtazama Daktari kwanza, kisha akaanza kueleza, haraka haraka, kama mwanafunzi anayesoma asichokipenda. Samaki hawa, alisema, wana macho yanayofanana na ya binadamu kuliko mtu anavyodhani. Kabla ya dawa ya macho kumfikia mtoto, hutiwa kwanza kwenye maji yao kwa wiki kadhaa, halafu wanapimwa kama bado wanaona sawasawa. Kipimo chenyewe ni kadi mbili. Moja ina mistari iliyosimama, nyingine ina mistari iliyolala. Kadi zinabanwa upande wa mwisho wa tangi, moja kushoto, moja kulia. Samaki anafunguliwa mlango wa plastiki. Akiiendea mistari iliyosimama anapata chakula, akiiendea iliyolala hapati kitu. Samaki anayeona hujifunza upesi. Samaki asiyeona anabahatisha, atapata tano katika kumi.

"Na hawa waliotiwa dawa?"

"Tisa katika kumi," alisema Daktari. "Matokeo mazuri ajabu. Macho yao hayana neno."

"Nione."

Miwani alikwenda tangi la pili. Alifungua mlango wa plastiki. Samaki alichomoka, akaenda moja kwa moja kushoto, kwenye mistari iliyosimama, akadondoshewa punje yake. Wa pili, kushoto. Wa tatu, kushoto. Msumari alihesabu kwa vidole mgongoni. Wa sita alikwenda kulia. Waliobaki, kushoto.

"Tisa," alisema Daktari. "Kama nilivyokuambia."

Msumari hakuwa akitazama samaki tena. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Pampu ya hewa ilikuwa imewekwa pembe ya kulia, ikirusha vitone vidogo vya maji. Kadi ya kulia ilikuwa imejaa madoa meupe ya chumvi, mengine yamegandiana. Kadi ya kushoto ilikuwa safi kama ilitoka kiwandani jana.

"Kadi hizi zina muda gani humu?"

"Miezi mitano," Miwani alisema kwa sauti ndogo.

"Karatasi za majaribio ninazo kwenye faili. Zinasema kabla ya kila samaki sarafu inarushwa, ndiyo inayoamua kadi ipi ikae wapi. Sivyo?"

"Ndivyo utaratibu ulivyo," alisema Daktari.

"Basi zibadilisheni. Iliyosimama ije kulia."

"Hapana, mama. Utaharibu mafunzo ya samaki."

Msumari alijinyoosha taratibu. "Mnazibadilisha kila siku, mara kumi kwa kila tangi, kwa miezi mitano. Mimi nikisema mara moja, mafunzo yanaharibika?"

Pampu ziliendelea kunguruma.

"Badilisha," alimwambia Miwani.

Miwani alishika kibanio cha kulia, kipande cha chuma kilichong'ata ukingo wa tangi. Hakikusogea. Alijaribu tena, kucha ikavunjika. Kutu ilikuwa imekifunga kabisa. Sajenti alimpa koleo lake la mfukoni, naye akakizungusha hadi kikaachia kwa mlio uliowasisimua meno.

Kadi zilibadilishwa. Mlango ulifunguliwa. Samaki akaenda kushoto, kwenye mistari iliyolala, akasubiri punje isiyokuja. Wa pili, kushoto. Mpaka wa kumi, tisa walikwenda kushoto.

"Sasa toa kadi zote mbili."

"Hii ni michezo ya watoto," alisema Daktari.

"Toa."

Tangi likabaki tupu mwisho wake, kioo kitupu pande zote. Samaki walitoka mmoja mmoja, wakaenda kushoto, wakaanza kudonoa maji. Mmoja aligonga kioo kwa pua, akarudi nyuma, akagonga tena palepale.

Miwani alikuwa ameanza kulia bila sauti, machozi yakipita chini ya miwani.

"Lipo tangi ambalo halikutiwa dawa?" Msumari aliuliza.

"La kwanza. La kulinganishia. Lilikuwa lake... la marehemu. Hakutaka mtu mwingine aliguse."

Vibanio vya tangi la kwanza viliteleza kwa kidole kimoja, na kadi zote mbili zilikuwa na madoa sawa. Kadi ya mistari iliyosimama ilipokaa kulia, samaki walikwenda kulia. Ilipohamishiwa kushoto, walisita kidogo, wakageuka, wakaifuata. Tisa katika kumi, kisha kumi katika kumi.

Msumari aliwatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipozungumza, Sajenti alisogea hatua moja nyuma. Alikuwa amemfanyia kazi Msumari miaka saba, na aliijua sauti ile ya chini.

"Hawa wanaona. Wale vipofu. Mmewafundisha vipofu kwenda kushoto, mkaandika kwamba wanasoma."

"Usiseme 'mmewafundisha', mama." Daktari alivuta pumzi kwa huzuni iliyopimwa. "Sikutaka kumsema marehemu vibaya. Karatasi zote zina sahihi yake. Nilianza kumshuku wiki iliyopita. Kama alikuwa akighushi, ameondoka na siri yake. Tumwache alale."

"Jumanne ya tarehe kumi na tatu pia alighushi?"

"Kama sahihi ipo, ndiyo."

"Siku hiyo alikuwa hospitali tangu asubuhi akimwuguza dada yake. Daftari la wageni wa wodi lina saa aliyoingia na saa aliyotoka. Nimepigia simu nikiwa njiani." Msumari hakuinua sauti. "Sajenti, mpeleke Daktari ofisini kwake, ukae naye. Asiguse simu. Na kabla ya hapo, pita kwa dereva wa lori, umnyang'anye ufunguo."

"Huna mamlaka ya kuzuia mzigo wa dawa!" Kwa mara ya kwanza sauti ya kubembeleza ilipasuka. "Unajua ni nani wanaosubiri mzigo ule?"

"Ndiyo. Nimewaona kwenye boksi."

*

Walipobaki wawili, Msumari aliinua utepe wa polisi, akaingia mbele ya tangi la sita. Hita iliyopasuka bado ilining'inia majini, upande wa kushoto kabisa. Aliuliza bila kugeuka:

"Marehemu alisimama wapi ulipomkuta? Yaani alianguka wapi?"

"Hapo ulipo wewe. Kulia."

"Hita iko kushoto. Mkono wake ungefikaje?"

Msumari aliwasha tochi, akamulika kibanio cha kulia. Hiki nacho kilikuwa na kutu, lakini upande wa ndani, mahali pa kubania kwa vidole viwili, palikuwa na doa jeusi dogo kama punje ya pilipili. Chini yake, gundi ya utepe wa umeme, ule wa kufungia waya, mbichi, ikinata. Fremu ya chuma iliyobeba matangi ilipita kwenye kimo cha kiuno. Mtu mfupi akitaka kukifikia kibanio, angeshika fremu kwa mkono wa kushoto ajivute juu. Msumari alikuwa mfupi. Alijaribu, bila kugusa, na mkono wake wa kushoto ukaishia kwenye ukingo mwembamba wa chuma. Mstari katika kiganja: umeme uliingia kulia, ukatokea kushoto.

"Njoo hapa," alimwambia Miwani. "Miezi mitano ulipima samaki hawa. Uliwahi kukigusa kibanio hiki?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Daktari alisema tusihamishe kadi, samaki wanachanganyikiwa. Alisema karatasi atajaza mwenyewe. Nilijua si sawa, afande. Wallahi nilijua. Lakini mkataba wangu unakwisha mwezi ujao..."

"Kwa hiyo kila aliyefuata amri ya Daktari alikuwa salama. Unanielewa? Waya ungeweza kukaa pale mwaka mzima, wewe usidhurike. Nani alijua kwamba Jumatatu asubuhi marehemu atahamisha kadi?"

Miwani alitikisa kichwa.

Msumari alipiga fremu kwa kofi, matangi yote manane yakatikisika. "Usinitikisie kichwa! Mwenzako yuko kaburini. Mume wa dada yake yuko rumande kwa kosa asilolijua. Na maboksi yale yangeondoka saa tisa, yaende kutiwa machoni mwa watoto, na wewe ungesimama dirishani unaangalia lori. Nani alijua?"

Miwani alivua miwani. Bila hiyo alionekana kama mtu aliyeamshwa ghafla. Alifungua kabati lake, akatoa kitabu kinene cha mwongozo wa mitambo, na katikati ya kurasa akachomoa karatasi ya rangi ya waridi iliyokunjwa mara nne.

"Mabadiliko yoyote ya utaratibu yanaombwa kwa fomu. Nakala ya juu inabaki kwa Daktari, hii ya chini inabaki kwa mwombaji. Alinipa Ijumaa jioni, akasema, 'Nitunzie, sina imani.' Nilimcheka."

Msumari aliisoma akiwa amesimama. Mwandiko ulikuwa wa mviringo, wenye subira. *Naomba kubadilisha nafasi za kadi, tangi la sita, Jumatatu saa mbili asubuhi. Sababu: kuthibitisha kama samaki wanaona.* Chini yake, kwa wino wa bluu: *Nimekubali.* Sahihi ya Daktari. Ijumaa, saa tisa alasiri.

"Umeificha tangu Jumatatu."

"Niliogopa."

"Na yeye aliogopa," alisema Msumari. "Akaandika hata hivyo."

*

Daktari alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, mikono imekunjwa. Msumari aliweka karatasi ya waridi mbele yake, akabaki amesimama.

"Kwenye maelezo yako ya Jumatatu ulisema hujui marehemu alifuata nini tangi la sita saa ile. Hii ni sahihi ya nani?"

Aliisoma yote, pasipo haraka. "Nasaini fomu ishirini kwa wiki."

"Hii uliisaini, ukakaa, ukafikiri. Ukimkatalia, atauliza kwa nini. Ukimruhusu, samaki watakwenda kushoto mbele ya macho yake, na kazi yako ya miaka sita inakwisha siku moja. Kwa hiyo ukamruhusu, kisha ukakitia umeme kile kibanio ambacho hakuna mtu anayekigusa humu ndani. Miwani hakigusi. Wewe hukigusi. Mfagiaji hakigusi. Katika jengo zima alikuwapo mtu mmoja tu ambaye mkono wake ungefika pale, yule aliyekusudia kufanya kazi kama ilivyoandikwa. Hukumwekea mtego mzembe, Daktari. Ulimwekea mwaminifu. Halafu, zile dakika tano ulipojidai unamrudisha, ukaondoa waya, ukapasua hita iliyokuwa mpya, ukampa fundi msalaba wako aubebe."

"Dawa ile ina kasoro ndogo ya kipimo," alisema Daktari polepole. "Ingerekebishwa katika mzigo wa pili. Ina watu wengi wa kuwasaidia. Yeye alikuwa mtu wa mistari tu, iliyosimama, iliyolala. Hakuona mbali."

"Mzigo wa kwanza ungepofusha wangapi ukisubiri wa pili?"

Daktari alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejua sheria. "Una doa jeusi na karatasi. Waya uko wapi, mama? Bila waya una hadithi."

Msumari aliinama mezani mpaka macho yao yakawa sawa.

"Usiniite mama. Sina mtoto kama wewe." Alimgeukia Sajenti. "Mtie pingu. Kwa kuanzia ni kughushi na kutoa maelezo ya uongo. Usimpitishe mlango wa nyuma, mpitishe penye lori, wabebaji wamwone. Halafu chukua askari wawili, mpekue gari lake na nyumba yake."

*

Saa tisa na nusu fundi alitolewa rumande, akaletwa ofisini. Alikuwa mtu mnene, mwenye mikono mikubwa yenye makovu madogo ya kazi, na ndevu za siku tatu. Mkewe alikuwa ameketi sasa, kimya, begi mapajani. Fundi alipomwona alitaka kufanya mzaha, mdomo ukafunguka, mzaha ukakataa kutoka.

"Hukufanya kosa," Msumari alimwambia. "Hita yako ilikuwa nzima. Shemeji yako aliuawa. Kuna aliyeunga waya kwenye kibanio cha chuma, upande wa kulia wa tangi."

"Kibanio?" Fundi aliketi. "Waya gani?"

"Hatujaupata. Siku tatu umeulizwa kuhusu hita tu, na hilo ni aibu yetu. Sasa nakuuliza mimi. Unahifadhi wapi waya wako?"

Fundi alitazama sakafu kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ijumaa," alisema. "Saa kumi hivi. Daktari alinikuta nafunga sanduku. Akasema taa yake ya mezani imekatika waya, anataka kama mita mbili, ataunga mwenyewe nyumbani. Nikasema nitakuungia, akasema usijisumbue, nenda kapumzike." Alipima urefu hewani kwa mikono. "Nilikuwa na kipande cha mwisho. Chekundu. Katikati kina utepe wa kijani, kilikuwa kimechunika hapo nikakifunga."

Msumari alikuwa ameshanyanyua simu. "Sajenti? Waya mwekundu, mita mbili, utepe wa kijani katikati... Ndiyo. Nasubiri."

Kwenye simu zilisikika hatua, buti la gari likifunguliwa, kitu kikivutwa. Fundi na mkewe hawakutazamana. Kisha sauti ya Sajenti ilirudi, ikisikika chumba kizima:

"Chini ya tairi la akiba, afande. Umesokotwa, umefungwa kwa raba. Ncha moja imeungua. Lakini kuna jambo: ncha zote mbili zimemenywa kwa kisu, safi kabisa, kazi ya fundi. Huyu jamaa hawezi kumenya hivi."

Msumari alikata simu.

"Aliniomba nimmenyee," fundi alisema. "Alisema kisu chake butu. Nikammenyea. Nikamwambia, angalia usijipige shoti, Daktari." Aliinua mikono yake, akaitazama kama imetoka kwa mtu mwingine. "Nilimmenyea mimi. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikamkabidhi..."

Akaikunja mikono ngumi, akaanza kulia. Mkewe aliweka begi chini. Alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, akazishika zile ngumi kubwa, akazikandamiza juu ya mapaja yake mwenyewe kwa nguvu, kama mtu anayezuia mlango usifunguke.

"Nitazame," alisema. "Utalia baadaye. Tutalia wote, tutalia mpaka majirani wachoke. Sasa hivi hulii. Sasa hivi mwambie huyu afande, pole pole, tangu alipokukuta unafunga sanduku mpaka ulipompa. Usiruke neno hata moja."

Mlango ulifunguliwa, mkuu wa kituo akachungulia, akakunja mkono aone saa. Msumari alimwonyesha kiganja, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe.

"Ijumaa," fundi alianza. "Saa kumi."